Mjumbe Ngwali Ametoa Udhuru

Nchi yenyewe haitatajwa hapa. Ina wivu na jina lake, na wanaolitaja ovyo huwa wanasahau njia ya kurudi nyumbani. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya baridi na mvua, yenye kijani cha kupendeza na serikali ya kupendeza zaidi, na kwamba serikali hiyo, kwa kuwapenda mno wananchi wake, iliwapunguzia mizigo yote ya kujitawala. Kodi ilikwenda mji mkuu. Maji yakafuata. Shule, zahanati, barabara na mahakama vikachukuliwa kimoja kimoja, kila kimoja kwa hotuba yake na ngoma yake, hata mabaraza ya vijiji yakabakiwa na yale ambayo hakuna waziri aliyeyataka: nyasi za uwanjani, ua wa michongoma, vijia vya miguu, na makaburi.

Mtu asiyejua siasa angedhani baraza lenye madaraka madogo lingekuwa na ugomvi mdogo. Angeletwa Tulizana akapone ujinga wake. Waziri akinyang'anywa bandari huhamia reli, akinyang'anywa reli hupewa ubalozi. Mjumbe wa Baraza la Kijiji cha Tulizana hakuwa na pa kuhamia. Alikuwa na nyasi, na kwa nyasi hizo alikuwa tayari kutoa roho, hasa ya mwenzake.

Wajumbe walikuwa saba, na kila mmoja aliingia kikaoni na rungu. Karani Msellem, mtu mpole mwenye kalamu sikioni, aliyapima marungu mlangoni kwa rula ya shule, maana kanuni ilikataza rungu refu kuliko mkono wa mwenyewe, na Tulizana palikuwa mahali pa kanuni. Hakuna aliyeruhusiwa kumpiga mwenzake bila kupitia kwa Mwenyekiti.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa heshima na taadhima, naomba ruhusa nimvunje taya mjumbe aliyemaliza kuzungumza."

"Ruhusa imetolewa, ila uwe mfupi. Muda hauko upande wetu."

Baada ya hapo mpigaji alishukuru, aliyepigwa naye alishukuru kama bado alikuwa na kinywa cha kushukuria, na ajenda ikaendelea. Ajenda za mwanzo mwanzo hazikuwa na madhara makubwa. Nyasi zilileta manundu, michongoma ilileta mbavu. Watu walikufa kwenye Mengineyo.

Kwa mujibu wa mihutasari, hata hivyo, hakuna aliyewahi kufa. Mjumbe aliyetolewa ukumbini kwa machela aliandikwa kuwa ametoa udhuru. Aliyetolewa akiwa amefunikwa shuka aliandikwa vivyo hivyo. Familia zao zilielewa. Zilimviringisha mtu wao kwenye mkeka, zikampakia juu ya punda, zikampeleka kwa wajomba katika kijiji jirani, ambako watu walikuwa na ruhusa ya kufa. Ndiyo maana Tulizana ilikuwa inashinda, mwaka baada ya mwaka, Ngao ya Kijiji Kitulivu Kuliko Vyote, inayotolewa na wilaya. Ngao yenyewe ilipigiliwa juu kabisa ya mlango wa ukumbi, mahali ambapo damu haikufika kirahisi.

*

Bi Siwema alikuwa fundi cherehani, na riziki yake ilitoka moja kwa moja kwenye demokrasia. Kila baada ya kikao aliletewa makoti yaliyochanika makwapa, kanzu zisizo na kola, suruali zenye matundu ya meno. Alishona, akapokea chake, akanyamaza. Hakuwa na sababu ya kulilalamikia baraza. Mume wake, Ngwali, alikuwa mjumbe.

Ngwali naye hakuwa malaika. Alikwisha kumng'oa mtu meno mawili kwa ajili ya urefu wa michongoma, na siku hiyo alirudi nyumbani akipiga mluzi. Siwema alimcheka, akamkanda vidole kwa maji ya moto, akamshonea koti bila malipo. Lakini kila Ijumaa bwana huyo huyo alichukua panga akaenda makaburini, kwenye kona ya ua wa kusini, akakata nyasi zilizoota juu ya kaburi dogo la binti yao wa pekee, Mwanakheri, aliyekufa kwa homa kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni lake. Pembeni ya kaburi hilo aliacha nafasi ya mtu mmoja.

"Hapa nitalala mimi," alimwambia mkewe. "Mtoto mdogo vile, kwa nini aachwe peke yake."

Siwema alikubali, akaitazama nafasi ya upande wa pili, akaichagua kimya kimya kuwa yake.

Mwaka huo wilaya ilikizawadia kijiji benchi. Lilikuwa benchi la mbao lenye miguu ya chuma, la kuwekwa uwanjani, na liliposhushwa kwenye lori watu walilizunguka kama bibi harusi. Swali lilikuwa moja tu: litazame wapi? Swali hilo likawekwa kwenye ajenda, na wake wa wajumbe wakaanza kuchemsha maji.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Ngwali alisema siku ya kikao, "naomba benchi litazame makaburini. Wazee wanakuja kuwaangalia watu wao, wanasimama kutwa kwenye baridi. Nao wapate pa kukaa."

Mwenyekiti Mwinyikondo alikuwa mtu mnene mwenye sauti tamu, na hakuna aliyewahi kumsikia akigomba. Alikunja mikono juu ya tumbo.

"Wazo zuri sana, na baraza linalipongeza. Lakini mtu akitazama makaburi atafikiri mauti, na mtu anayefikiri mauti hawezi kuwa mtulivu. Mimi napendekeza litazame geti langu. Nimelipaka rangi juzi."

"Naunga mkono geti," alisema Bi Kazija, mjumbe mkongwe kuliko wote, ambaye alikuja vikaoni na ufumaji wake wa soksi. Akamchoma sindano ya kufumia pajani mjumbe aliyekaa kulia kwake, mtu ambaye hata hakuwa amefungua mdomo.

"Yalaa! Nini tena hicho?"

"Taarifa."

"Taarifa ipokelewe," alisema Mwenyekiti.

Hapo kikao kikachangamka. Mjumbe mmoja aliomba mwongozo akapewa kiti cha uso. Mwingine alisimama kuhusu utaratibu, akaangushwa, akasisitiza utaratibu akiwa chini, akakanyagwa vidole. Jino liliruka likaingia kwenye jagi la maji ya wajumbe, na Karani Msellem akalitoa kwa kijiko, akaendelea kuandika. Siwema, kwenye viti vya wananchi, alikuwa akihesabu kwa macho mishono itakayomfikia kesho yake. Haya alikuwa ameyazoea.

Mjumbe mmoja akiwa bado amezimia, kura zikafungana. Suala likasogezwa mbele, kwenye Mengineyo.

"Sasa," Mwenyekiti alisema kwa upole, akiinuka, "Mwenyekiti anaomba ruhusa kwa Mwenyekiti ili amjibu Mjumbe Ngwali." Akanyamaza akalifikiria ombi hilo, kwa kuwa hakupenda kujipendelea. "Ruhusa imetolewa."

Ngwali alikuwa bado amenyoosha kidole kuomba nafasi ya kuzungumza. Rungu lilimpata juu ya sikio. Lilishuka mara ya pili akiwa anakaa chini, na mara ya tatu alipokwisha kukaa, na mlio wa ile ya tatu haukuwa wa mfupa mgumu tena. Damu ilimtoka sikioni ikaingia kwenye kola ambayo Siwema aliigeuza na kuishona upya wiki ile ile. Siwema akajua. Wananchi hawakuruhusiwa kusema kikaoni, lakini alisema.

"Mmemuua! Mwinyikondo, umemuua mume wangu!"

"Wananchi watulie," Mwenyekiti alisema, akijipangusa mikono kwa leso. "Karani, andika."

"Niandikeje, Mheshimiwa?"

"Mjumbe Ngwali ametoa udhuru."

*

Siwema alimwosha mumewe, akamvika sanda aliyoishona mwenyewe, akamlaza kwenye ghala la viazi, ambako baridi ilikuwa kali kuliko nyumbani. Majirani walimletea mkeka. Mmoja alimletea na punda.

"Wajomba zake wako wapi, shoga?" aliuliza jirani huyo kwa huruma ya kweli. "Ukiondoka sasa hivi utafika kabla ya jua kuzama."

"Hana wajomba. Ana mtoto, na mtoto yuko hapa."

Asubuhi akaenda ofisini kwa karani kuomba kibali cha kuzika. Karani Msellem alimkaribisha kiti, akampa pole nyingi, akamuuliza ameamkaje.

"Nimeamka mjane, Karani. Nataka kibali cha kona ya kusini."

"Dada yangu, kibali ni haki yako. Ila makaburi ni ya baraza, na baraza linamzika mtu aliyekufa tu. Tusipokuwa wakali hapo, watu watazikana ovyo."

"Ngwali amekufa. Ulikuwepo. Damu yake ilirukia kalamu yako."

"Mimi kama Msellem nilikuwepo, na nimelia usiku kucha, Mungu ni shahidi. Lakini mimi kama Karani nina muhtasari, na muhtasari unasema ametoa udhuru. Mtu aliyekufa hatoi udhuru. Inahitaji uhai kutoa udhuru."

Siwema alimtazama. Alitamani kulichukua lile jiwe la kuzuia karatasi mezani na kumsaidia Karani naye atoe udhuru wake, lakini akameza hasira zake.

"Basi tufanye si mjumbe tena. Kiti chake kiwe wazi, azikwe kama mtu wa kawaida."

"Kiti huwa wazi mjumbe akikosa vikao bila udhuru. Huyu wetu udhuru anao. Mjumbe safi kabisa."

"Muhtasari haukosei?"

"Hukosea!" Karani akafurahi, kwa kuwa hapa aliulizwa kitu chenye jibu. "Muhtasari husahihishwa kikao kinachofuata, kabla haujathibitishwa. Mjumbe yeyote anayeona ameandikwa vibaya anaweza kufika na kusahihisha mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Lazima afike."

Mtu wa kijiji kingine angeinuka hapo akalia, au akaenda kuchimba kimya kimya. Siwema alikuwa mtu wa Tulizana, amekulia humo, ameshona makoti ya baraza maisha yake yote, na hata yeye kanuni zilikuwa zimemwingia mwilini. Alirudi nyumbani akifikiri kwamba mambo sasa ni mepesi. Muhtasari unasema yuko hai. Watamwona kwa macho yao. Nani atamtazama Ngwali alivyo sasa halafu athibitishe?

*

Siku ya kikao alimvika mumewe koti la ujumbe juu ya sanda, akampakia kwenye toroli, akamsukuma uwanjani kote mbele za watu. Kichwa kilikuwa kimevimba upande mmoja na kuwa cheusi. Watu waliokutana naye njiani walivua kofia, kisha wakakumbuka, wakazivaa.

Ukumbini palikuwa na huzuni. Wajumbe wawili walikuwa bado wamelazwa kwa sababu ya mjadala wa benchi, wanne tu ndio waliofika, na akidi ilikuwa watano. Mwenyekiti alikuwa tayari amesimama kukiahirisha kikao wakati toroli lilipoingia likigonga kizingiti.

Bi Kazija aliacha kufuma.

"Huyu hapa," Siwema alisema. "Mnayesema ametoa udhuru. Mtazameni vizuri."

Mwinyikondo alimtazama kwa muda mrefu, toka miguuni hadi kwenye kile kilichobaki cha sikio. Kisha uso wake wote ukafunguka kwa furaha.

"Mjumbe Ngwali! Karibu, karibu sana. Waheshimiwa, akidi imetimia!"

Wajumbe walipiga meza. Mmoja alisogeza kiti. Wawili walimnyanyua Ngwali torolini wakamketisha mahali pake, na alipoinamia mbele wakamwegemeza kwa rungu chini ya kidevu.

"Amekufa!" Siwema alipiga kelele. "Amekufa, nyie watu! Mnuseni!"

"Mwananchi anavuruga kikao," Mwenyekiti alisema kwa masikitiko. "Mlinzi, msaidie atulie."

Mlinzi wa nyasi, kijana wa mwili mkubwa aliyeajiriwa kulinda uwanja usikanyagwe, alimsaidia kwa kumpiga kitako cha fyekeo tumboni, kisha mdomoni. Akamkalisha chini ukutani, akamwekea goti kifuani. Siwema alitema kipande cha jino. Toka pale chini aliona kila kitu.

"Je, kuna marekebisho ya muhtasari uliopita? Mjumbe Ngwali, una la kusema?" Mwenyekiti alisubiri kwa adabu. "Hana. Muhtasari umethibitishwa. Tunaendelea na benchi. Wanaotaka geti?"

Mwenyekiti na Bi Kazija wakanyoosha mikono.

"Wanaotaka makaburi?"

Mikono miwili ikapanda, ya watu wenye bandeji. Sindano ya Bi Kazija ilipita kiganja cha mmoja wao ikatokea upande wa pili, lakini mkono haukushuka, na sifa hiyo hatutamnyima.

"Kura zimefungana. Mjumbe Ngwali hakunyoosha mkono upande wa makaburi. Karani, kanuni inasemaje kuhusu asiyepinga?"

"Asiyepinga ameafiki, Mheshimiwa."

"Geti limeshinda. Nampongeza Mjumbe Ngwali kwa kubadili msimamo. Huo ndio ukomavu."

Wakapiga meza kwa nguvu, rungu likateleza kutoka kidevuni, na Ngwali akaanguka kifudifudi juu ya ajenda. Siwema alilia chini ya lile goti, kwa hasira zaidi kuliko maumivu. Alikuwa amemleta kwa mikono yake mwenyewe. Amemleta, na wamemfanya apige kura dhidi ya mtoto wake.

*

Kesho yake, mchana kweupe, alichukua jembe akaenda kuchimba kona ya kusini. Alifika magotini. Mlinzi wa nyasi akaja na wenzake, wakamtoa shimoni kwa nywele, wakamfungia kwenye banda la mashine za kukatia nyasi. Shitaka lilisomwa mlangoni: kujaribu kumzika mjumbe akiwa hai, tena mjumbe aliyepiga kura hivi karibuni mbele ya mashahidi.

Mwenyekiti Mwinyikondo alikuja mwenyewe kumtembelea. Alileta chai na maandazi, akakaa juu ya debe la mafuta.

"Kula, binti yangu. Umekonda."

Siwema hakula.

"Nitasema nawe kama mzazi. Mjumbe Ngwali anatutia wasiwasi. Bibi Mkuu wa Wilaya anakuja kuzindua benchi, na itifaki inataka wajumbe wote waliofanikisha hoja wakae mstari wa mbele. Na yeye, wewe mwenyewe umesema, ananuka. Kama angekuwa amekufa ingekuwa nafuu kwa wote. Tatizo ni kwamba hatuna aliyemuua."

"Unaye. Amekalia debe."

Mwinyikondo akacheka kidogo, kama mtu aliyetaniwa na shemeji.

"Mjumbe akimuua mjumbe, hayo ni machafuko, na ngao inaondoka. Miaka yote ya utulivu itapotea kwa neno moja. Lakini mke akimuua mume, hayo ni ya ndani ya nyumba. Wilaya haihesabu ya ndani ya nyumba. Niliwauliza. Unaweza kuua hata ukoo mzima, mradi ni wa kwako, kijiji kinabaki kitulivu." Akamsogezea sahani. "Ukiri tu. Tunapitisha hoja kwamba amekufa, na siku hiyo hiyo nakupa kona ya kusini. Neno langu."

Nje, mtu alikuwa akijaribu mashine ya kukatia nyasi.

"Na adhabu?"

"Viboko vya kumuua mjumbe. Ni vingi, sikufichi. Wengine huzimia. Lakini ukivimaliza umemaliza, hakuna wa kukugusa wala kukukumbusha."

Alifikiria uso wa Ngwali juu ya ile meza. Alifikiria jina lake mwenyewe litakavyosemwa kisimani: Siwema, yule aliyemuua mumewe. Watasema watu wale wale waliokuwa ukumbini na kuona. Aliiona aibu hiyo ikija tangu mbali, akaichukia. Kisha akafikiria kaburi dogo, na ile nafasi pembeni yake, na mvua zilizokuwa karibu kuanza. Na Ngwali kwenye kiti, kikao baada ya kikao, akitimiza akidi.

"Nilimuua mimi," alisema.

"Ahsante sana," Mwenyekiti alisema, na kwa kuwa maandazi yalikuwa bado pale, akala moja.

*

Hoja kwamba Mjumbe Ngwali amefariki dunia ilitolewa na Mwenyekiti na kuungwa mkono na Bi Kazija. Wajumbe wawili wa bandeji walikataa, wakapigwa kwa ruhusa, wakakubali. Kwa kuwa wagonjwa walikuwa bado hospitalini, akidi ilimtegemea tena marehemu, aliyeegemezwa safari hii kwa marungu mawili. Hakupinga. Hoja ikapita kwa kauli moja, naye akawa mjumbe wa kwanza kufa katika historia ya Tulizana, kwa kura yake mwenyewe.

Siwema alichapwa uwanjani, amefungwa kwenye benchi jipya, uso wake ukiwa umeelekezwa kwenye geti la Mwenyekiti. Rangi yake ilikuwa ya bluu. Wachapaji walikuwa wawili wakipokezana, na fimbo za mwanzo zilichana gauni, zilizofuata zikachana ngozi, na zilizofuata hizo hazikuwa na cha kuchana. Alizimia, akamwagiwa maji, wakaendelea walipoishia, kwa kuwa kanuni haikuruhusu fimbo hata moja ipotee. Wanawake waliokuja kutazama walianza kuondoka mmoja mmoja. Alipofunguliwa alianguka kwenye nyasi, na mlinzi wa nyasi akamwambia asikae hapo.

Hakukubali mtu mwingine achimbe. Mgongo ulikuwa umemshikana na nguo, mkono mmoja haukupanda sawasawa, lakini alichimba mwenyewe, toka pale alipokuwa ameishia, hadi shimo likafika kifuani. Kijiji kizima kilikuja. Ngwali akateremshwa katika sanda yake, bila koti, akalazwa kando ya binti yake. Siwema aliinama akaugusa udongo wa upande wa mtoto. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliweza kuvuta pumzi hadi mwisho. Alimaliza alilolitaka, na sasa moyoni mwake hapakuwa na kitu kingine cha kuogopa.

Mwenyekiti Mwinyikondo akasogea ukingoni mwa kaburi kutoa rambirambi za baraza. Alizungumza kwa kirefu. Alisema kijiji kimempoteza mtu wa hoja, si wa vurugu. Alisema marehemu aliondolewa na mkono uliompikia, na kwamba hilo liwe funzo kwa ndoa changa. Alisema baraza limesamehe. Wajumbe, kwa kukosa meza, walipiga mapaja.

"Mheshimiwa," Siwema alisema, akiwa ameegemea jembe upande wa pili wa rundo la udongo. "Naruhusiwa kuuliza?"

"Uliza, binti yangu. Hapa si kikaoni."

"Vile viboko ni vya kumuua mjumbe?"

"Ndivyo."

"Mjumbe mmoja?"

"Mmoja. Na umevimaliza vyote, kwa ushujaa. Deni huna."

"Vinamtaja Ngwali kwa jina?"

Mwenyekiti akamgeukia Karani, na Karani akatikisa kichwa.

"Kanuni haitaji jina la mtu," Mwinyikondo alisema. "Inasema mjumbe, basi. Mjumbe yeyote. Kanuni zetu hazimpendelei wala kumwonea mtu."

"Na mwenyekiti? Naye ni mjumbe, au ni kitu kingine?"

Swali hilo lilimpendeza. Mwinyikondo alijaza kifua hewa, akamgeuzia Siwema mgongo ili awakabili wananchi, maana jibu kama hilo lilistahili kuwafikia hata waliosimama nyuma.

"Mwenyekiti," alisema kwa unyenyekevu mkubwa, "ni mjumbe kama wajumbe wengine."

Karani Msellem alikuwa wa kwanza kuelewa. Alifungua mdomo, akautazama mgongo wa Mwenyekiti, akautazama mgongo wa Siwema ulioloa damu, akaufunga tena. Siwema alilishika jembe kwa mikono miwili, akalipandisha hadi juu ya bega lililo zima. Na watu wa Tulizana, waliokuwa wamesongamana ukingoni mwa kaburi lililokuwa bado wazi, walirudi nyuma wote kwa pamoja ili apate nafasi.